Somo: Kuonja IPA kali yenye hopsi nyingi na kuipa alama

Mwaka 1994, mjini Temecula, California, Vinnie Cilurzo alikuwa akifungua kiwanda kidogo cha bia kiitwacho Blind Pig, na vyombo vyake vilikuwa vya zamani. Mwenyewe amesimulia kwamba aliamua bia ya kwanza iwe nzito na yenye hopsi kupita kawaida, ili kasoro yoyote ya vyombo ifunikwe. Bia hiyo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa za mtindo wa IPA dabo. IPA ni kifupi cha India Pale Ale, bia yenye hopsi nyingi; dabo ni ile iliyozidishiwa hopsi na kilevi. Baadaye, akiwa katika kiwanda kingine cha bia kiitwacho Russian River, akatengeneza Pliny the Elder, yenye kilevi cha asilimia 8, ambayo hadi leo wengi huitumia kama kipimo cha mtindo huu.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinaeleza ugumu wa kazi yetu. Hopsi nyingi hufunika, na mwonjaji anatakiwa aone kilichofunikwa.

Kwa wageni: hopsi ni maua ya kijani ya mmea unaopanda kwa kujisokota kwenye kamba. Kwa Marekani hulimwa zaidi katika bonde la Yakima, jimbo la Washington. Yakichemshwa muda mrefu hutoa uchungu. Yakitiwa mwishoni, au baada ya bia kupoa, hutoa harufu. Kwenye IPA dabo hutiwa huku na huku, bila ubahili.

Hatua ya 1: Soma tarehe kabla ya bei

Tafuta tarehe ya kutengenezwa, siyo ya kuharibika tu. Harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kuondoka. Mimi napendelea bia isiyozidi miezi mitatu, tena iliyokaa kwenye friji dukani. Iliyopangwa dirishani juani iache hapo hapo. Mwanga huvunja viambato vya uchungu, vikaungana na salfa, na matokeo yake ni harufu ya kicheche. Kopo ni salama, chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani inakinga kidogo, nyeupe haikingi.

Hatua ya 2: Ya baridi au ya moto?

Hilo ndilo swali la mhudumu katika baa zetu nyingi. Kwa somo hili jibu liko katikati: nyuzi 8 hadi 12 za selsiasi. Friji ya nyumbani huwa karibu nyuzi 4, kwa hiyo itoe mapema kidogo. Bia iliyokaribia kuganda inatia ulimi ganzi na kuzuia harufu. Ukiinywa hivyo umepima ubaridi tu.

Glasi iwe na mdomo uliobana kuliko tumbo. Glasi ya divai inafaa kabisa. Ioshe, isuuze hadi sabuni iishe, iache ikauke yenyewe. Ukimimina ukaona viputo vimeganda ubavuni chini ya bia, glasi ina mafuta. Osha tena.

Hatua ya 3: Mimina, tazama

Jaza theluthi moja, uache nafasi ya harufu. Rangi inatakiwa kuwa kati ya dhahabu na shaba hafifu, povu jeupe linalodumu na kuacha alama kwenye kioo. Usikae sana hapa.

Hatua ya 4: Nusa, tena nusa

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nusa mara tu povu linapotulia, kwa pumzi fupi fupi mbili tatu, kisha sogeza glasi mbali. Pua huchoka haraka. Ikichoka, nusa mgongo wa mkono wako mwenyewe halafu rudi.

Usiandike "inanukia vizuri". Ipe jina. Anza na ukoo: ni matunda ya jamii ya chungwa, matunda ya joto, utomvu wa msonobari, maua, au majani? Kisha ingia ndani ya ukoo. Kama ni jamii ya chungwa, ni ganda la chungwa au balungi? Aina ya hopsi iitwayo Cascade, iliyotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972, inajulikana kwa balungi na maua. Simcoe inaleta msonobari. Citra inaleta embe na pasheni, na hilo si mawazo ya watu tu: ndani ya hopsi hizo mna viambato vya salfa vilevile vinavyopatikana kwenye pasheni na pera. Sisi tuliokulia penye matunda hayo tuna faida kubwa. Tunajua tofauti ya embe bichi, embe bivu na embe lililoanza kuchacha, na kila moja inasema jambo lake kuhusu bia. Andika lile hasa unalolinusa, hata kama halimo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Baada ya hopsi, tafuta kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa ambayo bia hupikwa nayo: harufu ya mkate, biskuti, karameli kidogo. Kwenye mtindo huu kinapaswa kuwa nyuma. Ukinusa karameli kwanza, ama bia imezeeka ama mpishi alizidisha kimea cha rangi.

Hatua ya 5: Onja, umeze

Piga funda la wastani, lizungushe, umeze. Waonja divai hutema. Majaji wa bia humeza, kwa sababu uchungu wa hopsi hujengeka taratibu na sehemu kubwa yake huja baada ya kumeza. Subiri kabla ya funda la pili. Jiulize: uchungu umekuja vipi, na umeondokaje? Uchungu mzuri huja kwa nguvu, hukaa, kisha huachia kinywa kikiwa kikavu na safi. Uchungu mbaya hukwaruza kooni na kugoma kuondoka, kama umetafuna jani la mwarobaini.

Sasa tafuta utamu. Bia ya asilimia 8 inayobaki tamu kama uji inachosha kufikia nusu glasi. Ndiyo maana wapishi wengi wa IPA dabo huongeza sukari ya kawaida wakati wa kupika: hamira huila karibu yote, kilevi kinapanda na bia inabaki nyepesi mdomoni. Kilevi chenyewe ukisikie kama ujotojoto kifuani. Kikichoma, punguza alama.

Hatua ya 6: Iache ipate joto, kisha rudi

Wengi huiruka hatua hii, na mimi naitetea kuliko zote. Acha robo ya bia mezani. Baridi na harufu za juu juu zikipungua, kasoro hujitokeza. Siagi inaonyesha hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Mahindi ya kuchemsha, mara nyingi ni uchemshaji hafifu. Boksi lililolowa ni hewa iliyoingia. Harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, mara nyingi ni joto lililozidi wakati wa kuchacha.

Hatua ya 7: Toa alama

Fomu ya BJCP, mpango wa Marekani wa kuwafunza na kuwapima majaji ulioanza 1985, ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa mdomoni 5, maoni ya jumla 10. Uandike maelezo kwanza, namba baadaye. Anayeanza na namba huishia kuitafutia sababu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, bia ikiwa chungu zaidi ndiyo ina kilevi zaidi?
Hapana, ndugu. Uchungu unatoka kwenye hopsi, kilevi kinatoka kwenye sukari ya kimea. Rochefort 10, bia ya watawa wa Ubelgiji, ina asilimia 11.3 na si chungu hata kidogo ukiilinganisha na IPA.

Kopo limeandikwa IBU 120. Niiamini?
IBU ni kipimo cha viambato vya uchungu, takriban miligramu moja kwa lita. BJCP huweka IPA dabo kati ya 60 na 100. Juu ya hapo ulimi haufuatilii tena, na namba nyingi za kwenye makopo ni za hesabu ya kalamu, siyo za maabara. Tena utamu huficha uchungu. Amini mdomo wako.

Niko Nairobi. Za Marekani zikifika hapa zimeshakaa miezi minane. Nifanyeje?
Dada, nunua IPA iliyopikwa hapo hapo Nairobi, hata kama jina lake ni dogo. Ya wiki tatu kutoka jirani itakufundisha harufu kuliko ya miezi minane yenye sifa kubwa. Ukionja hiyo iliyozeeka, ipe alama za ilivyo leo, usiihurumie kwa sababu ya safari.

Naweza kuonja ngapi kwa kikao kimoja?
Piga hesabu. Chupa ndogo ya mililita 330 yenye asilimia 8 ina mililita 26 za kilevi halisi. Tusker kubwa ya nusu lita, kwa asilimia 4.2, ina 21. Gawaneni chupa, kila mtu mililita 100 hivi, na bia nne zinatosha. Anza na nyepesi, maji yawe mezani, mkate mkavu katikati, na anayeendesha gari asionje.

Nyama choma na pilipili vinaruhusiwa?
Baada ya kutoa alama, kula upendavyo. Kabla yake hapana: mafuta hulifisha povu, na pilipili ikikutana na kilevi pamoja na uchungu huwaka mara mbili. Ukishamaliza, jaribu kwanza nyama yenye chumvi na limau bila pilipili. Bia yenye harufu ya balungi inaipenda sana.