Kuasili mtoto wa ndugu ukiwa Marekani: hukumu ya Mahakama Kuu si ruhusa ya kuingia

Kama unaishi Marekani na unataka kumwasili mtoto wa ndugu yako aliyeko Tanzania, usifungue kesi nyumbani kwanza. Najua ndiyo njia tunayoijua sote: unamwona Afisa Ustawi wa Jamii, wakili anapeleka maombi Mahakama Kuu, hukumu inatoka, RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanasajili. Hayo yote yanawezekana, na ukiwa na wakili mzuri yanakwenda vizuri tu. Lakini ukishamaliza unaweza kuwa mzazi halali wa mtoto ambaye Marekani haitamruhusu kuingia.

Ndivyo ilivyotukuta. Dada yangu alifariki akaacha binti. Baba wa mtoto yupo hai, alikuwa ameoa dada yangu kihalali, na baadaye akaoa tena. Ukoo ulikaa, baba akaridhia mbele ya wazee wa pande zote mbili, wakili akatuhakikishia kwamba kwa kuwa ni ndugu wa damu hatuhitaji wakala wa kuasili wa aina yoyote. Hukumu niliipata nikiwa bado raia wa Tanzania. Nikasubiri kuapa uraia wa Marekani ndipo nikajaza fomu I-600, ile ya kumwombea yatima aingie Marekani kama mwanao, maana mwenye grinkadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, haruhusiwi kuijaza.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina maana yake ya yatima, na maana hiyo ndiyo inayoamua, si kilio cha msibani wala makubaliano ya ukoo. Mtoto mwenye wazazi wawili walio hai, wanaoishi naye na kumlea, si yatima, hata wawe maskini kiasi gani. Akifariki mmoja, aliyebaki lazima athibitike kwamba hawezi kumpa mtoto malezi ya kawaida kwa viwango vya nchi yake, na pia awe amemwachia kwa maandishi, moja kwa moja, ili aondoke nchini na kuasiliwa. Yote mawili yanatakiwa. Baba wa binti yetu alikuwa na kazi na nyumba. Karatasi yake ya kuridhia ilikuwa ya mahakama ya kwetu, haikutaja kuondoka nchini.

Kabla ya viza, ofisa wa ubalozi huchunguza kama kweli mtoto ni yatima. Huita watu, huuliza. Mama yetu mdogo aliitwa, akavaa vizuri, akajibu kwa moyo mweupe: “Mtoto anaenda kusoma kwa mama yake mkubwa, akimaliza atarudi kwa baba yake, baba hana tatizo.” Kwetu hayo ni maneno ya heshima, hakuna anayemtenga baba na mwanawe. Kwenye faili yakawa ushahidi kwamba baba anaweza kulea na kwamba uzazi haukukatwa. Ubalozi ukarudisha faili idara ya uhamiaji, na idara ikakataa.

Kwa hiyo, mama zangu, shangazi zangu na wajomba mlioko nyumbani, tunawaomba kwa upendo: mkiulizwa na ofisa, semeni ukweli, ila semeni ukweli wote. Msifupishe jambo la kumpa mtoto wazazi wapya likawa safari ya masomo. Na wewe uliye ughaibuni, ukae nao uwaeleze sheria ilivyo kabla ya mahojiano, usiwaachie wabahatishe. Ukiona ukweli wenyewe ni kwamba mtoto anakwenda kusoma tu na baba bado ni baba, basi I-600 si fomu yako. Usiijaze.

Sasa, kujitegemea au kupitia wakala? Watu wengi bado wanazungumza kama enzi zile. Tangu Julai 14, 2014, sheria ya Marekani inataka kila maombi ya yatima yasimamiwe na shirika lililopewa ithibati au mtu aliyeidhinishwa, hata kama mtoto ni wa ndugu yako, hata kama nchi yake haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi. Tanzania na Uganda hazimo, Kenya imo. Unaweza kumtafuta wakili wako mwenyewe nyumbani, lakini lazima awepo msimamizi mwenye ithibati upande wa Marekani, na tathmini ya familia yako ipitie kwake. Wakili wa nyumbani akikwambia ndugu hahitaji wakala, anakueleza sheria ya Tanzania tu.

Orodha ya mashirika yenye ithibati iko Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mengi hayana programu Afrika Mashariki, hivyo swali la kwanza liwe kama wanapokea maombi ya ndugu. La pili, gharama zote kwa maandishi kabla hujatia saini. Alama za vidole, vipimo vya afya na fomu za kipato zitakwenda zenyewe.

Ithibati peke yake isikulaze usingizi. Mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wake, waliohusishwa na mpango wa kuwatoa watoto kwa wazazi waliodanganywa kwamba wanapelekwa kusoma, na shirika la Marekani lilihusishwa humo humo. Ndiyo maana maofisa wanatutilia shaka sote. Inauma, lakini nikiwafikiria wale wazazi siwezi kusema maswali yao hayana msingi. Ninachokilaumu ni kwamba nchi hizi zinapima mapenzi kwa karatasi. Mtu alikuja kukagua chumba cha mtoto na vitambuzi vya moshi, lakini katika hatua zote hakuna aliyemuuliza bibi yake nani amlee.

Walioko Uingereza wasidhani wamepona: kumleta mtoto uliyemwasili nje bila kufanyiwa tathmini na mamlaka huko kwanza ni kosa la jinai. Ujerumani ilipiga marufuku kuasili nje bila wakala mwaka 2021.

Mtanzania ana mtego mwingine. Ili ujaze I-600 lazima uwe raia wa Marekani, na ukiapa unapoteza uraia wa Tanzania. Hapo Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuhesabu mgeni, na mgeni anatakiwa awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo. Panga mambo haya na mwanasheria anayejua pande zote mbili kabla ya kuapa. Mkenya naye ajue kwamba Kenya ilisimamisha uasili kwa wageni Novemba 2014, na kwamba kwa nchi iliyomo kwenye Mkataba wa Hague, Marekani inataka yenyewe iridhie kwanza ndipo mahakama ya nyumbani itoe hukumu.

Kama mtoto haingii kwenye maana ya yatima, kwa Mtanzania kuna mlango mmoja umebaki, na ndio tunaoupitia sisi. Mtoto aliyeasiliwa kabla ya miaka 16, ukawa na haki ya malezi yake kisheria kwa miaka 2 na ukaishi naye miaka 2, unaweza kumwombea kwa fomu I-130, ile ya kuwaombea ndugu wa karibu, baba awe hai au asiwe. Hukumu yetu ya zamani inahesabika kwenye malezi. Kuishi naye ndiko kunakotutaka turudi nyumbani, kwa hiyo nimeomba likizo ndefu kazini na tumepanga nyumba. Weka kila kitu chenye anwani moja na majina yenu wawili: mkataba wa pango, fomu ya shule, kadi ya kliniki, risiti za ada.