Namna ya kubishania daraja la Pokémon hadi usikilizwe

Taja kizazi kwanza, yaani michezo ya Pokémon ya awamu gani. Mabishano mengi ya nani apande na nani ashuke huvurugika kwa sababu kila mtu ana mchezo wake kichwani. Mimi nacheza kizazi cha kwanza, kile cha Red na Blue, kwenye Pokémon Showdown, tovuti ya kupiganisha Pokémon, na mifano yangu yote ni ya OU, daraja kuu la huko. Tauros ndiye bwana mkubwa wa uwanja huo. Mpeleke kizazi cha pili, michezo iliyoanza kuuzwa Japani 1999, uone anavyonywea: pigo lake la Hyper Beam linamtaka apumzike zamu moja hata likiwa limeua, kriti (pigo la bahati linaloumiza zaidi) haiangalii tena kasi, na Special, namba ya mapigo yasiyo ya mwili, ilipogawanywa sehemu mbili yeye akabaki na 40 upande wa kushambulia. Huko mwenye nchi ni Snorlax. Kwa hiyo anayesema "Tauros amekuzwa mno" bila kutaja kizazi, muulize kabla hujamjibu.

Mkishaelewana hapo, acheni swali la "ni mzuri au si mzuri?" Kila Pokémon ana siku yake. Swali la maana ni hili: nikimtia huyu kwenye timu, namtoa nani? Nafasi ni sita. Karibu kila timu ya kizazi cha kwanza ina Tauros, Chansey na Snorlax, na mara nyingi Exeggutor yumo pia. Zinabaki mbili, na hizo mbili ndizo kila mtu anazipigania: Starmie, Alakazam, Zapdos, Rhydon, Jynx, Gengar, Lapras, wote wanasukumana pale. Unayemtetea lazima umwonyeshe kiti atakachokaa na umtaje anayeinuka.

Nina mdogo wangu ambaye ni mpenzi wa Pokémon aitwaye Persian kupita kiasi. Hoja yake aliileta hivi:

"Kaka, Slash ya Persian haikosi kriti. Tauros wako anabahatisha."

"Dogo, nionyeshe hesabu."

Na hesabu ya kwanza ilimpa haki. Kizazi cha kwanza kriti hutokana na kasi ya asili: unachukua kasi, unagawanya kwa 512. Tauros mwenye 110 anapata takriban 21%. Pigo la Slash lina nyongeza yake, na kwa mwenye kasi ya 115 kama Persian hukosa kriti mara moja tu kati ya 256. Dhidi ya Snorlax, Slash inatoa alama 154 hadi 181 za uhai. Body Slam ya Tauros isiyo na kriti inatoa 119 hadi 141. Dogo akakaa vizuri kwenye kiti.

Sasa hapo ndipo watu wengi huishia, na hapo ndipo unatakiwa uanze. Wakutanishe wenyewe kwa wenyewe, wote wazima. Persian ana uhai 333, Tauros 353, na Persian anaanza kwa sababu ana kasi kubwa. Slash yake kwa Tauros ni 122 hadi 144, maana yake anahitaji tatu. Body Slam ya Tauros inamtoa 125 hadi 148, kisha Hyper Beam 222 hadi 261. Jumlisha hata kwa kiwango cha chini kabisa: 347. Persian hayupo. Hyper Beam ikigonga, zamu ya tatu haifiki, na kwa kuwa Hyper Beam ya kizazi hiki ikiua haidai mapumziko, Tauros anamkabili anayefuata akiwa huru. Persian anaweza kujaribu Hyper Beam yake zamu ya pili, lakini anahitaji igonge na iwe kriti, jambo la kama mara moja kati ya tano. Isipokuwa hivyo, Tauros anabaki hai na anajibu.

Ona kilichotokea. Sikusema Persian ni dhaifu. Nilisema kwamba kazi anayoombewa, ya kuwamaliza waliochoka mwisho wa mechi, ina mtu tayari, na huyo mtu akikutana naye anamla. Hoja ya namna hii haina matusi na ni ngumu kuipangua. Kikokotoo cha madhara kipo bure mtandaoni. Kifungue kabla hujafungua mdomo.

Usilinganishe unayemtetea na aliye kileleni, ila kama wanagombea kiti kimoja, kama hao wawili. Kwa kawaida mlinganishe na jirani yake wa juu. Mfano mzuri ni Jynx na Gengar, ambao wote wanaingia kwanza ili kumlaza mpinzani usingizi. Lovely Kiss ya Jynx inapata 75%, Hypnosis ya Gengar 60%. Ukiishia hapo, Jynx ameshinda. Lakini Gengar ana kasi 110 na Jynx 95, kwa hiyo wakitazamana Gengar anajaribu kwanza. Gengar pia haguswi na Body Slam, Hyper Beam wala Explosion, hivyo anaweza kuingizwa katikati ya mechi pale unapomhisi Exeggutor anataka kujilipua. Jynx kwa upande wake hagandishwi na pigo la barafu la Blizzard, na kuganda kwenye kizazi hiki ni karibu sawa na kufa, kwani aliyeganda hajinasui mwenyewe. Halafu Gengar anaogopa pigo la Psychic, na Psychic iko kila kona: Alakazam, Starmie, Exeggutor. Mimi nampa Jynx nafasi ya juu kidogo. Kidogo tu, na mtu akiniletea mechi nzuri nitasikiliza.

Kuhusu mechi za ushahidi: moja haitoshi. Hypnosis kugonga mara nne mfululizo hutokea kama mara moja kati ya nane, kwa hiyo bila shaka kuna mtu ana rekodi ya Gengar aliyefanya maajabu. Rekodi inafaa kama inaonyesha mpango, si bahati. Nikiletewa rekodi naangalia zamu ambazo mpinzani alilazimika kubadilisha mtu wake kwa kumwogopa huyo anayetetewa, hata kama hakupiga pigo lolote. Rhydon hufanya hivyo kwa Zapdos: mara akitokea, pigo la umeme la Thunderbolt halifanyi kitu, na mwenye Zapdos anakuna kichwa.

"Anapendwa" na "anatumiwa sana" si hoja za daraja, ni hoja za mazoea. Na ukiomba mtu apandishwe, omba hatua moja, useme na hali inayomfaa. Dogo alirudi wiki nyingine na ombi dogo: Persian apande juu ya jirani yake mmoja tu, kwa timu zinazopoozesha watu kwa Thunder Wave mapema, maana Tauros aliyepoozwa hupoteza robo tatu ya kasi, na robo ya zamu zake anazikosa kabisa. Hiyo sikuweza kuikataa papo hapo. Nimemwambia alete mechi.