Somo: Rejeta ya kompyuta ifungwe wapi, juu, mbele au ubavuni?

Wakuu, salaam. Mtu akiweka picha ya kompyuta mpya inayopozwa kwa maji, wengi hutazama taa. Mimi hutazama rejeta, ile sehemu inayotoa joto la maji, imefungwa wapi, kwa sababu mahali hapo ndipo panapoamua umri wa pampu, kelele utakazozisikia usiku na joto la kadi ya grafiki. Bei haiamui hayo. Kipoza ghali kikifungwa vibaya kinashindwa na cha bei ya chini kilichofungwa panapofaa.

Somo hili ni la vipoza vilivyofungwa kiwandani, vile vya AIO (all-in-one, yaani vyote kwa pamoja): pampu, mipira miwili ya kupitishia maji na rejeta, maji yamo tayari na wewe huongezi kitu. Kwa vingi, pampu imo ndani ya kichwa kinachokaa juu ya prosesa. Wenye mifumo ya kujijengea, yenye tanki, wapo kwenye maswali huko chini. Na kama prosesa yako ni ya wati 65, nakushauri kwa dhati ununue kipoza kizuri cha hewa, pesa inayobaki uiweke kwenye ramu.

Hatua ya 1: Jua hewa itakaa wapi

Ndani ya kipoza hamna maji matupu. Kiwandani hubaki hewa kidogo, na miaka inavyokwenda maji hupotea polepole kwa kupenya kwenye kuta za mipira, hewa ikaongezeka. Hakuna AIO inayokwepa hilo, zinapishana kasi tu. Chukua chupa ya maji isiyojaa, uigeuze utakavyo: hewa hupanda juu kila mara. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi jiulize, kompyuta ikisimama mahali pake, sehemu ya juu kuliko zote katika mzunguko wa maji ni ipi?

Ikiwa ni rejeta, hewa itatulia kwenye kitanki cha mwisho wa rejeta na haitamsumbua mtu. Ikiwa ni pampu, hewa itakusanyika humo. Pampu hizi hulainishwa na maji yale yale zinayoyasukuma. Ikizunguka ndani ya hewa inakwaruza, inalia, maji hayafiki vizuri kwenye sahani ya shaba iliyo juu ya prosesa, joto linapanda, na mwisho pampu inakufa mapema. Mwenye nayo atasema kipoza kilikuwa kibovu tangu dukani.

Kanuni, basi: ncha ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu. Si lazima rejeta nzima iwe juu, ncha yake tu inatosha. Kuna vipoza vichache ambavyo pampu yake imewekwa kwenye rejeta au katikati ya mpira. Kwa hivyo soma karatasi iliyomo kwenye boksi, kwa kuwa kanuni haibadiliki lakini pampu huenda haipo unapoidhania.

Hatua ya 2: Pima, usiamini jina

Rejeta ya "240" haina urefu wa milimita 240. Namba hiyo ni ya feni mbili za 120 zikipangwa. Rejeta yenyewe, pamoja na vitanki vya ncha zote mbili, hufika karibu milimita 277. Ya 360 hufika karibu 397, na ya 280 karibu 315. Unene wa kawaida ni milimita 27, ukiongeza feni ya 25 unapata 52. Zipo nene zaidi: Liquid Freezer ya Arctic ina rejeta ya milimita 38, kwa hiyo pamoja na feni inafika 63.

Ukitaka kufunga juu, pima kutoka dari ya kasha hadi ncha ya ramu, na hadi vile vyuma vya kupozea umeme kwenye ukingo wa juu wa madabodi. Ramu zenye taa na mabati marefu ndizo zinazowakwamisha wengi. Ukitaka mbele, chukua nafasi ambayo kasha limetaja kwa kadi ya grafiki, toa zile 52. RTX 4090 ya Nvidia yenyewe ina urefu wa milimita 304, na za kampuni nyingine nyingi huizidi.

Hapa niseme neno kuhusu 280, saizi ambayo watu huiruka. Feni mbili za 140 zinafunika eneo kubwa kwa zaidi ya theluthi moja kuliko feni mbili za 120, na ya 360 inaizidi kwa sehemu moja tu ya kumi. Kama kasha lako linakubali 140, ichukue hiyo. Inazunguka polepole na haipigi kelele.

Hatua ya 3: Amua nani anaumia zaidi kwa joto

Hapa ndipo pa kufikiri hasa. Rejeta haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa inayopita kwenye mapezi yake, vile vibati vyembamba. Chumba cha Dar es Salaam kisicho na AC, Februari mchana, kinafika nyuzi 31 au 32. Ukiweka rejeta mbele ikivuta hewa ya nje, inaanza na hizo 32. Ukiiweka juu ikitoa hewa, inapokea hewa ambayo kadi ya grafiki imeshaipasha, tuseme nyuzi 40 au zaidi, na maji hayatashuka chini ya hapo.

Kwa hesabu hiyo mbele inaonekana kushinda, na ni kweli prosesa itapoa nyuzi chache zaidi. Lakini joto la prosesa halipotei, linaingia ndani ya kasha na kuikuta kadi ya grafiki. Sasa tazama nani ana joto kubwa. RTX 4070 inakula wati 200, RTX 4090 wati 450. Prosesa ya Ryzen 7 7800X3D imeandikwa wati 120, na kwenye gemu hula pungufu ya hapo. Kwa mashine ya gemu, kadi ndiyo jiko, prosesa ni mgeni tu. Kuimwagia kadi hewa iliyokwisha pata moto ili prosesa ambayo haikuwa na shida ishuke nyuzi nne, naona ni kumpa dawa asiyeumwa.

Geuza upande wa pili: mtu anayehariri video au kurenda (kuiachia kompyuta itengeneze picha za mwisho) kwa prosesa siku nzima. Prosesa ya Core i9-14900K inaruhusiwa kufika wati 253, na kadi yake labda ni RTX 4060 ya wati 115. Huyo afunge mbele, avute hewa ya nje, hana haja ya kusita.

Hatua ya 4: Chagua nafasi

*Juu, ikitoa hewa.* Hili ndilo chaguo langu kwa mashine nyingi za huku kwetu. Rejeta yote iko juu ya pampu, mbele panabaki huru kwa feni za kuvuta, na hewa inayofika kwenye mapezi imeshapita kwenye machujio. Usiiache bila feni za mbele. Angalau mbili zivute, vinginevyo rejeta inanyonya hewa ya kwenye matundu ya nyuma, yasiyo na chujio, na vumbi linaingia humo.

*Mbele, ikivuta.* Mipira ikitokea chini ni bora zaidi: hewa inabaki kwenye kitanki cha juu, mbali na matundu ya mipira. Tatizo ni urefu. Mipira mingi ina karibu milimita 400, na kadi ndefu inaweza kuizuia. Ikishindikana, iweke mipira juu bila hofu, mradi ncha ya rejeta imeipita pampu. Hakikisha imeipita kweli, maana makasha madogo hudanganya macho. Tumia rula.

*Ubavuni.* Makasha yenye vioo pande mbili, kama O11 Dynamic ya Lian Li, yana nafasi hii. Ihesabu kama mbele, kwa sheria zile zile.

*Nyuma.* Ni kwa rejeta ya 120 tu, na prosesa ndogo. Inafanya kazi.

*Chini.* Kwa AIO yenye pampu kwenye prosesa, hapana. Hata kama kasha lina matundu ya skrubu hapo, hata kama inapendeza.

Hatua ya 5: Funga, kisha pima kwa subira

Feni ina uso na mgongo. Upande wenye mikono ya plastiki iliyoshika mota ndiko upepo unakotokea. Hakikisha kila feni kwa kipande cha karatasi kabla ya kufunga kioo. Skrubu ziingie kwa msalaba, na usitumie ndefu kuliko zilizokuja na kipoza, kwa sababu skrubu ndefu inaweza kutoboa mrija wa rejeta.

Pampu iweke kasi kamili kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya madabodi. Feni, kama programu yako inaruhusu, zifuate joto la maji badala ya joto la prosesa, hapo hazitapiga kelele kila unapofungua kivinjari. Kisha endesha kazi nzito kwa nusu saa nzima. Dakika tano hazikuambii kitu, kwa sababu maji huchelewa kupata moto. Maji yakikaribia nyuzi 60, simamisha, kuna kosa mahali.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Tanga: Kaka, nimefunga 240 mbele, mipira ipo juu. Nikiwasha asubuhi nasikia maji yanatiririka kwa muda, kisha kimya. Niirudishe dukani?

Jibu: Usiirudishe kwanza. Usiku viputo hupanda na kukaa kwenye kitanki cha juu, ambako kwako ndiko mipira ilikoingia. Asubuhi pampu inavivuta kidogo, ndiyo sauti hiyo. Ukiweza kuigeuza rejeta mipira iwe chini, sauti hiyo itapungua sana. Ikiwa kadi inazuia, washa kompyuta uinamishe kasha kidogo mbele na nyuma, mara kadhaa. La kuhofia ni sauti ya kukwaruza isiyokoma, inayotoka kwenye kichwa cha prosesa, huku joto likipanda.

Swali, kutoka Nairobi: Mwalimu, huku Julai ni baridi kabisa. Nafasi ya rejeta bado ina maana?

Jibu: Ya hewa na pampu haibadiliki popote ulipo. Upande wa joto una nafuu, chumba chako kina nyuzi nyingi pungufu kuliko cha Mombasa. Ila Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile inabeba joto kidogo kuliko pwani. Kwa hiyo sehemu ya faida ya baridi inapotea. Funga juu, na ukishapima joto la maji ndipo uamue kasi ya feni.

Swali, kutoka Unguja: Shikamoo. Nyumba yetu iko karibu na ufuo, skrubu za kasha zimeanza kutu. Nafanya kazi ya kuhariri picha. Niweke mbele au juu?

Jibu: Marahaba, dada. Kwa hali yako, juu. Mapezi ya AIO nyingi ni ya alumini, na vumbi lenye chumvi likiganda hapo pamoja na unyevu linaanza kuyala, utaona unga mweupe. Rejeta ya mbele ndiyo inayopokea hewa hiyo kwanza. Weka machujio mbele, yaoshe kwa maji ya bomba na kuyakausha kabisa. Ukipuliza vumbi kwa blowa, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke. Na kompyuta isikae kwenye dirisha linalotazama bahari, hilo litasaidia kuliko yote niliyotaja.

Swali: Mkuu, mimi najenga mfumo wenye tanki, rejeta tatu, kasha ni O11. Umesema chini hapana. Nami hairuhusiwi?

Jibu: Kwako inaruhusiwa. Tanki ndilo litakalokusanya hewa, na unaweza kuongeza maji. Angalia mawili: tanki liwe juu ya pampu ili pampu isikauke hata sekunde moja, na rejeta zote ziwe za shaba kama vichwa vyako vina shaba. Usichanganye na rejeta ya alumini uliyotoa kwenye AIO ya zamani, metali hizo mbili zikishirikiana maji zinalana. Panga hewa mapema: chini na ubavuni zivute, juu itoe.

Swali, kutoka Mbeya: Fundi, nimenunua mashine Kariakoo, itakuja kwa basi. Wakiilaza njiani, hewa si itaingia kwenye pampu?

Jibu: Itaingia, na haina madhara kwa kuwa pampu imezimwa. Ikifika isimamishe, iache itulie ndipo uiwashe. Sauti ya viputo siku ya kwanza ni ya kawaida. Mimi ningeogopa zaidi kadi ya grafiki nzito: mwambie muuzaji aitoe aifunge peke yake. Na kama nyumbani unapanga kulilaza kasha chini ya runinga siku zote, hilo ni jambo lingine. Rudi hatua ya 1, upime upya ipi iko juu.

Swali: Nimefunga juu kama ulivyoelekeza, lakini nikiwasha inaandika kosa la CPU FAN na haiendelei. Feni zinazunguka zote.

Jibu: Feni za rejeta umezichomeka kwenye soketi za kasha. Hamishia waya mmoja wa feni hizo kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN, pampu iende AIO_PUMP au PUMP_FAN. Madabodi ikisoma mzunguko kwenye CPU_FAN itaendelea kuwaka. Ukishaingia BIOS, thibitisha kwamba pampu nayo inaonyesha kasi yake. Ikisoma sifuri, zima na ukague waya wa umeme wa pampu kabla ya kuendelea.