Namna ya Kuchagua Oktani ya Petroli Inayoifaa Injini ya Gari Lako

Kwenye meza yangu ya kazi kuna pistoni moja ambayo sitaitupa. Ukingo wake wa juu umemeguka upande mmoja kama mkate uliotafunwa na panya, na ukipitisha kidole juu yake unahisi vishimo vidogo vidogo vilivyosongamana. Ukuta mwembamba unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili umekatika. Imetoka kwenye gari la tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada) ambalo kitabu chake kilisema lazima litiwe petroli ya oktani 98. Lilinyweshwa 91 kwa miezi mingi. Mwenyewe alisikia mlio kila akipanda mlima, lakini aliambiwa ni tapeti tu, vile vyuma vinavyosukuma valvu.

Hata hivyo, wengi wanaoniuliza habari za oktani wana shida ya upande wa pili. Wanajaza 98 kwenye gari la kawaida lililotengenezwa kwa 91, wakiamini wanalilisha chakula bora. Makosa yote mawili yanatoka mahali pamoja: watu hudhani oktani ni nguvu ya petroli. Sivyo. Oktani ni ustahimilivu wake.

Pistoni ikipanda, inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, na kitu kikibanwa kwa haraka hupata joto. Kama umewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, unajua jinsi bomba lake linavyopata moto. Katika hali nzuri, plagi hutoa cheche na moto husambaa kuanzia hapo kuelekea kwenye kuta za silinda. Ila ule mchanganyiko ambao bado haujafikiwa na moto unazidi kubanwa na kupashwa. Petroli isiyostahimili hujilipukia yenyewe pale pembeni. Shindo hilo ndilo tunaloita kugonga, au noki kama wasemavyo mafundi wengi, na ndilo lililoitafuna pistoni yangu.

Kipimo chenyewe kimejengwa juu ya vimiminika viwili: isooktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Petroli ya 95 ni ile inayostahimili kugonga sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani. Namba hiyo haisemi chochote kuhusu usafi wa petroli, wala haikuahidi mwendo zaidi.

Hatua ya 1: Fungua kifuniko cha tangi usome

Anza hapo kabla ya kumuuliza mtu yeyote, mimi nikiwemo. Ndani ya mlango mdogo wa tangi mara nyingi kuna kibandiko chenye namba ya oktani. Kikiwa kimefutika, nenda kwenye kitabu cha gari, sehemu ya vipimo na ujazo, ile inayotaja pia kiasi cha oili na maji ya rejeta.

Magari yaliyotumika yanayotoka Japani huwasumbua wengi kwa sababu kibandiko kimeandikwa kwa Kijapani. Kipige picha kwa simu, uiachie programu ya kutafsiri ikusomee. Japani ina madaraja mawili ya petroli: ya kawaida, ambayo kwa kiwango chao haipaswi kushuka chini ya 89, na ya juu, isiyopaswa kushuka chini ya 96. Kibandiko kikitaja ya juu, usiridhike na 91 eti kwa kuwa gari ni dogo. Kuna magari madogo yenye tabo yanayodai petroli ya juu, na magari makubwa yanayotosheka na ya kawaida.

Hatua ya 2: Hakikisha namba mbili unazolinganisha ni za kipimo kimoja

Hatua hii huwakosesha hata mafundi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Sehemu kubwa ya dunia hutumia kipimo cha oktani kiitwacho RON. Katika kupima RON, injini maalumu ya maabara huzungushwa mizunguko 600 kwa dakika, kazi nyepesi. Kuna kipimo cha pili, MON, ambacho injini huzunguka 900 na mchanganyiko hupashwa moto sana kabla ya kuingia. MON ni mtihani mgumu zaidi, ndiyo maana petroli ileile hupata namba ndogo, kwa kawaida pungufu ya RON kwa 8 hadi 10. Marekani na Kanada huandika kwenye pampu wastani wa hivyo viwili, unaojulikana kama AKI.

Chukua petroli yenye RON 95 na MON 85. Jumlisha upate 180, gawa kwa 2, unapata 90. Ni petroli ileile, lakini upande mmoja wa bahari inaitwa 95 na upande mwingine 90. Kwa makadirio, 87 ya Marekani ni kama 91 au 92 ya RON, 91 yao ni kama 95 au 96, na 93 yao ni kama 98.

Sasa mfikirie mtu aliyenunua gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani. Kifuniko kinasema 91. Anafika kituoni, anaona pampu ya RON 91, anajaza kwa moyo mweupe. Gari lake lilikuwa likiomba 95. Tafuta herufi zilizo karibu na namba: RON, au ROZ kwenye magari ya Ujerumani, ndicho kipimo chenye namba kubwa. Ukiona AKI au (R+M)/2, ongeza 4 au 5 ndipo ulinganishe.

Magari ya Ulaya nayo yana alama ya duara iliyoandikwa E5 au E10. Hiyo si oktani. Inaeleza kiwango cha juu cha ethanoli kilichomo, asilimia 5 au 10. Dizeli ina alama yake ya mraba.

Hatua ya 3: Tofautisha "lazima" na "inapendekezwa"

Soma sentensi ya kitabu neno kwa neno. Magari mengi ya sasa yana sensa ya noki, kidude kidogo kilichofungwa kwa bolti kwenye bloku ya injini, kinachosikiliza mtetemo wa chuma. Kikisikia kugonga, kompyuta ya gari huchelewesha cheche mpaka kugonga kuishe. Injini inapona, lakini inalipa: nguvu inapungua, joto la egzosi linapanda, na mafuta huenda yakaliwa zaidi.

Kitabu kikisema 95 inapendekezwa, angalau 91, unaruhusiwa kutia 91, ukijua kwamba utapoteza nguvu kidogo. Kikisema lazima 98, maana yake sensa haitoshi kukulinda katika kila hali. Inasikia kugonga kulikokwisha kutokea. Haiwezi kuzuia kugonga kabla hakujatokea. Gari linalopanda mlima mrefu kwenye joto, limejaa abiria, na tabo inasukuma, linaweza kuumia ndani ya safari moja.

Kama kitabu kinataja namba moja tu na ni ndogo, basi jaza hiyo. Kompyuta nyingi za magari ya namna hii hazikupangwa kunufaika na oktani ya ziada. Ikiwa unataka petroli yenye dawa ya kusafisha nozeli, ulizia dawa hiyo yenyewe. Ni jambo jingine kabisa, na haiko kwenye petroli ya oktani ya juu peke yake.

Hatua ya 4: Ikiwa huna kitabu wala kibandiko

Andika aina ya injini, mwaka na soko ambalo gari lilitengenezewa, kisha utafute kitabu cha mtengenezaji mtandaoni. Usikadirie kwa uwiano wa mgandamizo (kiasi ambacho pistoni hubana mchanganyiko) peke yake. Zamani ilikuwa rahisi: 8 kwa 1 hunywa petroli ya chini, 10 kwa 1 hutaka ya juu. Leo injini za Mazda za Skyactiv-G ziliingia Ulaya zikiwa na 14 kwa 1 na zikatumia 95, kwa sababu zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambako inapoza hewa, na mpangilio wao wa egzosi hupunguza gesi moto inayobaki. Ukikosa habari kabisa na gari lina tabo, anza na petroli ya juu kuliko zote unayoipata.

Hatua ya 5: Sikiliza kwa masikio yako

Injini ikiwa imeshapata joto, tafuta kilima chenye ukuta au kingo za barabara zitakazokurudishia sauti. Zima redio na feni, shusha vioo. Panda kwa gia kubwa kuliko unavyopaswa, injini ikizunguka kama 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, kisha kanyaga mafuta kwa uthabiti. Unachosikilizia ni mlio mwepesi, mkavu, wa haraka, kama mtu anayetikisa punje za mahindi ndani ya kopo la bati. Inua mguu. Mlio ukikatika papo hapo, hiyo ni noki.

Tapeti hupigapiga hata gari likiwa limesimama, na kasi yake hufuata mizunguko ya injini, iwe ina mzigo au haina. Beringi ya konrodi, mkono unaoshika pistoni, ina kishindo kizito, cha chini, unachokihisi mpaka kwenye nyayo. Mteja wa ile pistoni angetofautisha haya kwa dakika tano tu za kilimani kama angeelekezwa.

Ukisikia noki, shusha gia, punguza mzigo, na usikae nayo. Lakini ikiwa umejaza oktani iliyoandikwa na bado inagonga, usikimbilie kupanda daraja. Niliwahi kuletewa gari la kawaida la 91 ambalo mwenyewe alikuwa ameshalihamishia 98 kwa sababu ya mlio wa kwenye foleni. Nililiwasha nikaliacha lisimame. Sindano ya joto ikapanda, feni ya rejeta haikuzunguka. Mota yake ilikuwa imekufa. Tuliibadilisha, likarudi kwenye 91 na likanyamaza. Miezi yote hiyo alikuwa ananunua petroli ya bei ya juu ili kuuficha ugonjwa wa feni.

Wakaguliwe pia wahalifu wengine: kaboni iliyoganda juu ya pistoni, ambayo hupunguza nafasi na kubakia moto kama kaa, plagi zisizo za joto linalotakiwa, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa egzosi ndani ya injini) iliyokwama, mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli, na kwa magari ya zamani, taimingi (wakati wa kutoa cheche) iliyosogezwa mbele mno kwenye distribyuta. Na kama mlio ulianza ghafla mara tu baada ya kujaza, shuku petroli yenyewe. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na yakichanganywa kwenye petroli huishusha vibaya.

Hatua ya 6: Pima faida kwa hesabu

Hatua hii ni kwa gari lile tu ambalo kitabu chake kinaruhusu madaraja mawili. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika kilomita. Tumia, jaza tena mpaka ijikate, kisha zidisha lita ulizotia kwa 100 na ugawe kwa kilomita ulizotembea. Fanya hivyo kwa matangi matatu ya kila daraja, njia ileile, mzigo uleule. Tangi la kwanza baada ya kubadili usilihesabu, kwa kuwa lina mabaki ya petroli ya awali na kompyuta nayo bado inajifunza.

Petroli ya juu ikiwa ghali zaidi kwa asilimia 10 na ulaji ukapungua kwa asilimia 3, mfuko wako umepoteza. Labda umepata wepesi wa kupita magari mengine, na hiyo ni hiari yako.

Hatua ya 7: Ukikosa daraja lako, au ukijaza kimakosa

Petroli za oktani tofauti huchanganyika bila madhara, na namba inayopatikana hukaribia wastani. Tangini zimebaki lita 20 za 91, ukaongeza 20 za 98, una takriban 94.5. Kama ulitia ya chini kwenye gari la "lazima", hakuna haja ya kunyonya tangi. Endesha polepole, usivute mzigo, tumia gia ndogo milimani, na uongeze petroli ya juu kila nafasi inapopatikana. (Petroli kwenye gari la dizeli ni habari nyingine: usiwashe hata swichi, ita fundi akamue tangi.)

Chupa za kuongeza oktani nazitumia kwa nadra sana. Soma lebo vizuri: "pointi" moja mara nyingi ni sehemu ya kumi ya oktani, kwa hiyo pointi 30 zinaitoa 91 hadi 94 tu. Zile zenye manganizi huacha utando mwekundu kwenye plagi, na nimeshazifungua za namna hiyo mara kadhaa. Kuongeza madini kwenye petroli si jambo jipya. Risasi ilitumika kupandisha oktani tangu miaka ya 1920, ikatia sumu watu na kuziua katalisti (visafisha moshi vya kwenye egzosi), mpaka Algeria, nchi ya mwisho kuiuzia magari ya barabarani, ilipoacha mwaka 2021.

Ukishajua namba yako, chukua kipande cha tepu nyeupe na kalamu isiyofutika. Andika namba pamoja na kipimo chake, kwa mfano "RON 95, si chini", ubandike upande wa ndani wa mlango wa tangi. Gari huazimwa, hupelekwa na dereva, huendeshwa na mtoto wa ndugu, na atakayesimama mbele ya pampu siku hiyo huenda asiwe wewe.