Kujifunza ufundi umeme bila kuacha kazi: mwongozo kwa mwajiriwa wa Dar

Usiache kazi kwanza. Naliweka hili mbele kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndiyo haraka inayowaponza wengi. Mwongozo huu ni wa mtu anayeingia kazini saa mbili asubuhi, anatoka saa kumi na moja jioni, anagombania daladala, na bado anataka umeme uje kuwa kazi yake. Mimi nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala moja pembeni ya Barabara ya Nyerere. Sasa hivi nafunga umeme majumbani.

Mshahara una faida moja ambayo watu hawaihesabu: unakupa uwezo wa kukataa. Fundi anayeitegemea kazi ya leo ili ale leo, mteja akimwambia "hiyo ethi achana nayo, tuwekee waya mbili tu zinatosha," mara nyingi ataweka mbili, na nyumba itakosa ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Wewe mwenye mshahara tarehe thelathini unaweza kufunga begi lako ukaondoka.

Hatua ya 1: Tofautisha ujuzi, cheti na leseni

Hivi ni vitu vitatu na kila kimoja kina mlango wake. Ujuzi unaupata kwa mikono. Cheti kinatoka VETA, ambako mafunzo ya ufundi stadi yamegawanywa katika ngazi za NVA (tuzo ya taifa ya ufundi stadi), ya kwanza hadi ya tatu. Leseni inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na ina madaraja: lako ndilo linaloamua ukubwa wa kazi unayoruhusiwa kufanya. TANESCO nao, kabla ya kumfungia mteja mita ya LUKU, wanataka wayaringi iwe imefanywa na fundi mwenye leseni hiyo.

Maana yake ni kwamba miaka ya mwanzo hupokei kazi kwa jina lako. Unafanya chini ya mwenye leseni. Kama hilo linakukera, kosa utakalolifanya ukiwa peke yako litakukera zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta saa zako zilipojificha

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Hizo siku 28 ndizo dhahabu yako. Watu huzimaliza kijijini na kwenye harusi. Ukiamua kwamba likizo ya mwaka huu unaimalizia saiti, unapata karibu mwezi mzima wa kuiona nyumba moja ikitoka kwenye matofali hadi taa kuwaka, jambo ambalo Jumapili pekee haziwezi kukuonyesha.

Soma pia mkataba wako uone unasemaje kuhusu kazi za pembeni. Kusoma jioni ni suala lako. Kulipwa kwingine huku umeajiriwa ni suala jingine.

Hatua ya 3: Darasa la jioni

VETA wana chuo kikubwa Chang'ombe, na mbali na kozi ndefu hutoa kozi fupi. Nenda mwenyewe getini, uliza fani ya umeme wa majumbani ina vipindi vya jioni au vya Jumamosi kwa muhula unaokuja, na uombe orodha ya mahitaji. Vyuo binafsi vipo pia, lakini kabla hujatoa hata shilingi uliza namba ya usajili wa VETA, kisha omba kuiona karakana. Nasema karakana, siyo ofisi yenye kiyoyozi. Ukikuta bodi moja imezungukwa na wanafunzi ishirini na mmoja tu ndiye ameshika bisibisi, hapo utahitimu kuangalia.

Jua pia kwamba cheti cha kozi fupi hakilingani na NVA. Kinakupa msingi wa kuingilia saiti bila kuwa mzigo. Hesabu zenyewe zisikutishe: wati gawanya kwa volti unapata ampia, na umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Hizo utazitumia kila siku.

Hatua ya 4: Ubao wa mazoezi nyumbani

Hapa ndipo mwajiriwa anapoweza kuwapita vijana wanaosoma kutwa, kwa sababu unaweza kufanya saa nne usiku watoto wakiwa wamelala. Tafuta kipande cha plaiwudi kinachotosha kuegemea ukutani. Funga juu yake bodi ndogo ya breka, soketi moja, holda ya taa, na swichi mbili za njia mbili, zile za kuwasha taa ya ngazi chini na kuizimia juu. Usikiunganishe na umeme wa nyumba. Ubao huu unaupima kwa multimita tu, kwenye ile alama ya mlio, inayolia njia ya waya ikiwa imeungana.

Anza na taa ya ngazi, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Nyuma ya kila swichi kuna skrubu tatu: COM (ya pamoja), L1 na L2. Laivu, waya unaoleta umeme, inatoka kwenye breka na kuingia COM ya swichi ya kwanza. Halafu waya mbili zinapita kati ya swichi na swichi, L1 kwa L1, L2 kwa L2. COM ya swichi ya pili ndiyo inayokwenda kwenye taa. Niutro, waya wa kurudisha umeme, haipiti kwenye swichi hata moja; inatoka kwenye bodi moja kwa moja hadi kwenye holda.

Sasa shika ncha moja ya multimita kwenye COM ya kwanza na nyingine kwenye holda, upande wa laivu. Bonyeza swichi yoyote kati ya mbili: mlio ukiwepo unyamaze, ukiwa umenyamaza urudi. Ukiona swichi moja inafanya kazi pale tu nyenzake inapokuwa upande fulani, usibomoe kila kitu. Kuna mahali COM imebadilishana nafasi na L1 au L2. Hilohilo utakutana nalo kwenye nyumba za watu, na mteja atakwambia "taa ya ngazi ina mapepo."

Fungua, funga tena, hadi vidole vijue urefu wa kumenya waya bila kupima. Shaba isionekane nje ya skrubu, na plastiki isibanwe ndani yake. Ukivuta waya kwa nguvu ya kawaida ikachomoka, haikufungwa.

Hatua ya 5: Mpate fundi wa kumsaidia

Muulize leseni. Fundi mwenye leseni hakasiriki ukimuuliza. Mwambie ukweli: nina kazi, napatikana Jumamosi mchana na Jumapili, nataka kujifunza. Wengi watakupokea kama saidia fundi, na malipo yakiwepo yatakuwa ya nauli na chakula.

Uwe tayari kuagizwa. Huko ofisini unaweza kuwa na watu chini yako; saiti ya Kinyerezi au Chanika kijana wa miaka ishirini na moja atakwambia, "Kaka, shika tindo, chana kutoka hapa hadi kwenye boksi," nawe utachana. Zingatia mstari: bomba hushuka wima au hwenda mlalo kutoka kwenye soketi au swichi, kamwe si mshazari. Mwenye nyumba akija kupigilia msumari wa picha miaka kumi baadaye, ajue waya hauwezi kuwa pale.

Jitahidi uwepo siku ya kulaza bomba kabla zege ya dari haijamwagwa. Ni siku ya kelele na haraka, na bomba likipondwa hapo limepondwa moja kwa moja.

Hatua ya 6: Kuzima na kuhakikisha

Ukisoma hatua moja tu, iwe hii.

Dar tuna tabia ya kusema "umeme umekatika, ngoja nirekebishe ile soketi." Umeme uliokatika haujazimwa. Unarudi bila hodi, na jenereta ya jirani iliyounganishwa kienyeji inaweza kuurudisha hata kabla ya TANESCO. Zima meinswichi na breka husika, ifunge kwa kufuli au utepe, weka karatasi inayosema kuna mtu anafanya kazi, na ufunguo kaa nao mfukoni.

Kisha pima. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa ndani ni ya kukutonya tu, usiweke roho yako juu yake. Tumia kipimo cha volti chenye ncha mbili, kwa mpangilio huu: kwanza kipime mahali unapojua pana umeme, uone kinafanya kazi. Pima pale unapotaka kugusa: laivu na niutro, laivu na ethi, niutro na ethi. Halafu kirudishe pale penye umeme uhakikishe hakijafia njiani. Vijana watakucheka kwa kupima mara zote hizo. Waache wacheke.

Rangi nazo zisikudanganye. Wayaringi za zamani ni nyekundu, nyeusi na kijani. Za sasa nyingi ni kahawia, bluu, na kijani yenye mstari wa njano. Hatari ipo kwenye nyumba ya zamani ya fezi tatu, yaani yenye laivu tatu: fezi zake ni nyekundu, njano na bluu, na niutro ni nyeusi. Yaani bluu uliyoizoea kama niutro, pale ni laivu.

Kazi ikiisha, kabla ya kuwasha, kuna kipimo cha insulesheni (ganda la plastiki la waya), kile mafundi wanachokiita mega. Kinasukuma volti 500 kwenye waya zisizo na umeme, na kwa nyumba ya kawaida unataka usomaji usiopungua megaomu 1. Chomoa kwanza balbu na vifaa vyote, la sivyo utavichoma au utasoma namba ya uongo.

Hatua ya 7: Jifunze kuchagua waya kwa hesabu

Mfano wa hita ya kuogea ya wati 5,500. Gawanya kwa 230, unapata karibu ampia 24. Fundi wa mazoea atavuta waya wa milimita 4 (za mraba) kwa sababu kwenye jedwali za Uingereza, ambazo ndizo wengi tunazifuata, waya mmoja mmoja wa milimita 4 ndani ya bomba la ukutani hubeba ampia 32. Lakini jedwali hilo limehesabiwa kwa joto la nyuzi 30. Bomba lako linapita darini chini ya mabati, Januari, mchana. Chukulia nyuzi 45: kipunguzi chake ni 0.79, na ampia 32 zinabaki kama 25. Umekaa ukingoni. Milimita 6 hubeba 41, ukipunguza unabaki na 32, na breka ya ampia 32 inakaa bila wasiwasi. Hita iwe na laini yake peke yake, na ilindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampia 30. Ethi hapo si ya kujadiliana na mteja.

Ukienda Kariakoo kununua, tafuta alama ya TBS kwenye rola, kisha kwangua ncha ya waya kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Na chukua risiti ya EFD, ili kesho uwe na pa kurudi.

Hatua ya 8: Kurasimisha, kisha kuaga

Ukishakaa saiti vya kutosha, rudi VETA uulizie utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na kama fani ya umeme imo kwenye awamu inayofuata. Unapimwa kwa vitendo na maswali, na ukifaulu unapata cheti. Kwa mtu asiyeweza kukaa darasani mwaka mzima, huu ndio mlango wa kubisha. Tunza picha za kazi zako na barua za mafundi uliowasaidia, maana EWURA huangalia vyeti pamoja na uzoefu. Omba daraja la chini linalolingana na ulichonacho.

Kuhusu siku ya kuaga, kipimo changu ni hiki: leseni iko mkononi, na wateja wanakupigia kwa kuelekezwa na wateja wengine, siyo na ndugu zako. Kama unalipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria ni siku 28 au zaidi kama mkataba unasema hivyo. Iandike, ipeleke kwa mkono, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Na siku hizo 28 usizipangie kazi kubwa ya nyumba nzima; chukua za kubadilisha soketi na breka, zinazoisha jioni moja.