Nani Atasema Tuondoke? Namna ya Kujiandaa kwa Majanga Nyumbani na Kazini

Maji ya mto Nyando yalipoingia katika boma letu kwenye uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu nchini Kenya, usiku mmoja wa Aprili 2024, mfuko wa stakabadhi ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, tochi ilikuwa na betri mpya, na mitungi miwili ya maji safi ilikuwa imefunikwa jikoni. Vitu vyote tulikuwa navyo. Uamuzi ndio uliotushinda. Mama alikuwa akinisubiri mimi niseme tuondoke, mimi nilikuwa nikisubiri simu ya mzee wa kijiji, na mzee wa kijiji, kama alivyotueleza baadaye bila kujificha, alikuwa akitazama kama majirani wa upande wa juu wameanza kutoka. Karibu saa nzima ilipotea hivyo. Tulipotoka, maji yalikuwa yamefika mapajani, na mbuzi wanne tuliokuwa tumewafunga kamba hatukuweza kuwafikia.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na orodha ya vitu vya kununua, ingawa orodha hiyo ina mahali pake. Unaanza na maswali ambayo familia, chama, shule au duka linapaswa kuyajibu wakati jua linawaka na watu wote wametulia: hatari itatokea upande gani, ni alama gani itakayotuondoa, na ni nani mwenye neno la mwisho.

Fuateni maji yanakotoka

Mtu anayekaa Ahero huzoea kutazama mawingu yaliyo juu ya Ahero, lakini Nyando hukusanya maji yake katika milima ya Nandi na nyanda za juu za Kericho, kiasi kwamba mto unaweza kufurika kwenu siku ambayo nguo zimekauka kambani. Mto Nzoia nao huteremka kutoka milima ya Cherang'any na Mlima Elgon, ukapita Webuye na Mumias, kabla ya kuwaelemea wakazi wa Budalang'i, ambako usalama wa vijiji vizima hutegemea kingo za udongo zilizojengwa kuzuia maji. Hatua ya kwanza, basi, ni kumtafuta mtu wenu wa juu: shemeji aliyeolewa Koru, mwanachama mwenzenu wa Muhoroni, au dereva wa matatu anayevuka daraja kila jioni. Mwombeni apige simu akiona mto umebadilika rangi na unabeba magogo, kwa kuwa maji huchukua saa kadhaa kufika tambarare, na saa hizo ndizo mali yenu kubwa. Utabiri wa msimu unaotolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kabla ya mvua za Machi hadi Mei uwasaidie kujua mwaka utakavyokuwa kwa jumla, na simu ya mtu wa juu iwasaidie kujua usiku wa leo.

Ziwa lina tabia nyingine. Ziwa Victoria halikurupuki. Hupanda polepole kwa miezi, na mwaka 2020 lilipanda hadi likaipita rekodi ya mwaka 1964, likafunika nyumba na mashamba ya watu waliodhani kwamba ufuo walioukuta ndio ufuo wa siku zote. Anayejenga au kupanga nyumba karibu na ufuo wa Dunga kule Kisumu, au karibu na Ziwa Naivasha kule Kihoto, awaulize wazee maji yalifika wapi zamani, si mwaka jana tu.

Kwa upande wa Nakuru, hatari mara nyingi imejificha mlimani, mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa miguu akaiona. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba moja huko Solai lilipasuka, likaua zaidi ya watu 40. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiwa na takataka na magogo kwenye mfereji unaopita chini ya reli yalivunja kizuizi hicho na kuzoa nyumba pamoja na waliolala ndani. Tembeeni, basi. Kabla ya kila msimu wa mvua, watu wawili au watatu wapande korongo lililo juu ya mtaa wenu, watazame kalvati zilizoziba, mabwawa ya mashamba, na miteremko yenye nyufa mpya, kisha walifikishe jambo hilo kwa chifu kwa maandishi na wabaki na nakala. Ombi la mdomo barazani husahaulika kabla viti havijakunjwa. Na kwa kuwa majanga yote mawili yaliwakuta watu gizani, mpango wowote usioweza kutekelezwa saa nane za usiku, gizani, huku simu nusu zikiwa zimezimwa, haujakamilika.

Kigingi chenye rangi tatu

Baada ya usiku ule, tulichimbia gogo la mkalitusi kwenye ukingo wa mtaro ulio kati ya boma letu na mto, mahali panapomulikwa na tochi kutoka mlangoni. Tulilipaka rangi tatu kwa brashi ya kawaida. Maji yakigusa nyeupe, mtu mmoja hakai tena usingizini na simu zote huwekwa chaji. Yakigusa njano, mifugo hufunguliwa kamba na kupelekwa barabarani, gunia za mahindi hupandishwa darini, na watoto huvaa viatu wakiwa wamelala. Yakigusa nyekundu, tunaondoka, na hapo hakuna mjadala, hata kama mvua imekatika, hata kama jirani anacheka.

Rangi nyekundu isipimwe kwa kijana mwenye nguvu. Ipimwe kwa mtu wa mwisho kufika barabarani: mama mjamzito, mtoto wa kubebwa, mzee mwenye mkongojo. Pimeni muda wake kwa saa, usiku, njia ikiwa na tope, na mfanye zoezi hilo kweli badala ya kukisia. Kumbukeni pia kwamba maji yanayokwenda kasi, yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 30 yanaweza kusukuma gari dogo. Kwa hiyo alama inayosubiri maji yafike magotini imechelewa.

Mwenye kutoa amri awe mmoja, na naibu wake ajulikane. Kwetu tulimchagua mama, kwa sababu ndiye asiyesafiri. Wanaume wa boma walinung'unika kidogo, lakini mkuu wa familia anayelala Kisumu mjini siku nne kwa wiki hawezi kuamrisha kitu ambacho hakioni. Mahali pa kukimbilia pia pawe pamekubaliwa, na yeye mwenye mahali hapo awe ameambiwa: jamaa aliye mwinukoni ni bora kuliko kambi, ingawa madarasa ya shule na makanisa ndiyo hutumika watu wanapokuwa wengi. Teueni jamaa mmoja wa mbali, Eldoret au Nairobi, ambaye kila mmoja atamtumia ujumbe akitengana na wenzake, maana wakati mwingine simu ya mbali hupita pale ambapo za karibu zimekwama.

Kuhusu mfuko sina maneno mengi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba, na kadi za kliniki viwe ndani ya karatasi ya nailoni iliyofungwa kwa moto wa mshumaa, na picha zake ziwe kwenye simu ya yule jamaa wa mbali. Ongezeni dawa za kila siku za wiki mbili, tochi, pawabenki, sabuni, dawa ya kutibu maji, pedi, blanketi, na pesa taslimu za noti ndogo, kwa kuwa mitambo ya simu ikizimika pesa za simu hazinunui hata mkate. Maji ya kunywa na kupikia, hesabuni lita 4 kwa kila mtu kwa siku.

Ofisi, shule, zahanati na vyama vya akiba

Taasisi nyingi zina mpango wa majanga, na mpango huo uko kwenye faili, na faili liko kwenye kabati, na ufunguo wa kabati uko kwa mtu aliye likizoni. Nasema hivi bila kebehi, kwa kuwa nilikuwa katibu wa chama kimoja cha ushirika siku tulipofanya zoezi la kwanza la moto. Kengele ililia, wafanyakazi wakatoka kwa utaratibu mzuri hadi lango la nyuma, na lango la nyuma lilikuwa na kufuli. Mlinzi wa zamu ya usiku alikuwa ameondoka na funguo, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka mitano. Hakuna aliyekuwa na kosa la pekee. Hakuna tu aliyewahi kupita mlango ule kwa haraka.

Kanuni za Kenya za mwaka 2007 kuhusu kupunguza hatari za moto mahali pa kazi zinataka zoezi la kuhama jengo lifanyike angalau mara moja kila miezi 12. Chukulieni hilo kuwa kiwango cha chini kabisa. Kwa shule ya bweni, mara moja kwa muhula ni afadhali, na moja kati ya hizo iwe usiku, bila taarifa kwa wanafunzi, huku mlango mmoja ukichukuliwa kuwa umezibwa na moshi. Baada ya zoezi, yaandikwe mambo matatu tu: ilichukua dakika ngapi, nani hakuhesabiwa, na kitu gani kilikwama. Ripoti ya kurasa kumi haisomwi na mtu.

Mahali pa kukusanyika pasiwe tu ubao wa kijani uliopigiliwa uani. Awepo mtu mwenye daftari la waliofika kazini siku hiyo, wakiwemo wageni na vibarua, na daftari lenyewe likae mlangoni ili litoke pamoja naye. Bila daftari, wazima moto watarudi ndani kumtafuta mtu ambaye yuko sokoni Kibuye akinunua omena.

Kisha kuna kuendelea kuwepo baada ya janga, jambo ambalo vyama vidogo hulidharau. Jiulizeni: jengo lisipoingilika kesho, tutalipaje mishahara na nani atatia saini? Ikiwa watia saini wa benki ni watatu na wote wanaishi mtaa mmoja unaofurika, badilisheni mmoja. Nakala za hesabu na orodha ya wanachama zikae mji mwingine. Ofisi ikiwa Kisumu, nakala iwe Kakamega au Nakuru, na si kwenye kompyuta iliyo chumba cha pili cha jengo lilelile. Mara mbili kwa mwaka mtu akae na nakala hiyo ajaribu kuifungua na kutoa salio la mwanachama mmoja. Nimeona diski iliyotunzwa kwa uangalifu wa ajabu kwa miaka miwili, na ndani yake hamna kitu. Vifaa vizito na jenereta viinuliwe juu ya alama ya mafuriko ya zamani, na zahanati ijue mapema friji ya chanjo itahamishiwa wapi umeme ukikatika.

Radi na malori ya mafuta

Ukanda unaozunguka Ziwa Victoria, kuanzia Kisii hadi Kakamega, ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi. Ngurumo ikisikika, mchezo uwanjani usimamishwe na watoto waingie ndani ya jengo, wala wasijikinge chini ya mti. Watoke baada ya kupita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwalimu wa zamu awe na ruhusa ya kulisimamisha pambano bila kumwuliza mtu, hata kama ni fainali ya kaunti ndogo.

Jambo la pili halipendezi kulisema, lakini barabara zetu kuu hupitisha mafuta kuelekea Uganda mchana na usiku. Huko Sachang'wan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, moto wa lori la mafuta lililopinduka uliua zaidi ya watu 100, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota. Julai 2021 yakajirudia Malanga, katika Kaunti ya Siaya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa kwenye mitaro na kulifikia jiko au pikipiki iliyo mbali na lori lenyewe. Wekeni katika kanuni za chama, za shule, na za steji ya bodaboda, sentensi moja: lori la mafuta likianguka, watu wetu huenda mbali, upande unakotoka upepo, injini zimezimwa. Namba za kupiga ni 999 au 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kurudi na kuanza upya

Maji yakipungua, haraka ya kurudi hudhuru wengi. Kama swichi kuu ya umeme iliachwa ikiwa imewashwa, fundi aje kwanza. Vyombo na nguo vigeuzwe kwa fimbo, kwa kuwa nyoka nao walitafuta mahali pakavu. Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko yachukuliwe kuwa na kinyesi ndani yake hadi kisima kitiwe dawa. Ya kunywa yachemshwe hadi yatokote vizuri, na mwenye kuharisha maji meupe kama ya mchele aanze kupewa chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini (ORS) huku akikimbizwa kituoni. Pigeni picha za uharibifu kabla ya kusafisha, zikiwa na tarehe, kwa ajili ya chifu na bima.

Mpango huzeeka. Namba za simu hubadilika, mtu wa juu huhama, naibu hupata kazi Mombasa. Sisi huukagua kila Februari, siku ileile ya kupaka upya rangi ya kigingi. Mwaka huu alama nyekundu tuliishusha kwa upana wa kiganja kimoja, kwa kuwa goti la mama limezidi kuuma, na sasa anahitaji dakika 20 kufika barabarani badala ya 12.