Kuchagua Mashine ya Kupanda ya Kukatia Nyasi kwa Kiwanja cha Nyumbani Mombasa

Anayetaka kununua mashine ya kukatia nyasi ya kupanda, yaani ile ambayo mkataji huketi juu yake akashika usukani, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei na nguvu za injini. Kwa Mombasa, maswali hayo mawili ningeyaweka mwisho. Katika mashine za namna hii nilizoziona zikifia mabandani, kuanzia Nyali hadi Mtwapa, ni chache mno zilizoangushwa na udhaifu wa injini; nyingi ziliozeshwa na chumvi, na nyingine zilisimama miezi kwa kukosa mkanda au beringi ambayo hakuna duka la mjini lililokuwa nayo. Ndiyo maana nashauri uanzie kiwanjani kwako, kisha ufikirie chumvi na vipuri, ndipo ufike kwenye injini.

Chukua tepu ya kupimia, upime nyasi zenyewe wala si ploti nzima. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, lakini ukiondoa nyumba, baraza, njia ya gari, tangi la maji na vivuli vya miembe ambako nyasi hazioti, kiwanja cha ekari moja huweza kubaki na nyasi za mita za mraba 2,500 tu. Mashine ya kusukuma yenye upana wa sentimita 53, mtu akitembea kilomita 4 kwa saa na kuulalia kidogo kila mstari uliotangulia, hukata takriban mita za mraba 1,700 kwa saa. Mashine ya kupanda yenye upana wa sentimita 107, ambazo ndizo inchi 42 zinazotajwa mno madukani, ikienda kilomita 5 kwa saa hukata zaidi ya mita za mraba 4,000 kwa muda huo huo. Kwa hesabu hiyo, mwenye nyasi zisizofika mita za mraba 1,000 humaliza kazi kwa kusukuma katika muda usiozidi dakika 40, na fedha zake zitamfaa zaidi kwenye mashine nzuri ya kusukuma. Ploti ya futi 50 kwa 100, hata ingekuwa tupu bila nyumba, haifiki mita za mraba 500. Faida ya mashine ya kupanda huanza kuonekana nyasi zinapokaribia mita za mraba 2,000, yaani nusu ekari, na hasa mwezi wa Mei, masika yanapokolea na nyasi zikataka kukatwa kila wiki.

Ukishapima, zunguka kiwanja chote kwa miguu, polepole, ukiwa na vijiti vya kuweka alama. Upande wa Nyali, Bamburi na Shanzu ardhi imekaa juu ya matumbawe, na mara nyingi jiwe lenye ukubwa wa ngumi huchomoza katikati ya nyasi bila kuonekana. Kisu cha mashine kikiligonga jiwe hilo, pigo halibaki kwenye kisu peke yake. Hupanda hadi kwenye mhimili unaokizungusha, mhimili ukapinda, na kutoka siku hiyo mashine hutetemeka na kuacha mistari ya nyasi isiyokatwa. Mawe yanayoweza kung'olewa yang'oe kabla hujanunua chochote, na yale yasiyong'oka yazungushie kitalu cha maua. Minazi nayo ina mambo yake. Kidaka kikavu kilichoanguka hurushwa na kisu kama jiwe la kombeo, upongoo wa kuti huziba njia ya kutokea nyasi, na kilifu, kile kitambaa chake chenye nyuzi ngumu, hujisokota kwenye mhimili wa kisu hadi kikalika kizuizi cha grisi na kufungulia mchanga njia ya kuingia kwenye beringi. Nimewahi kukaa mchana mzima nikizikata nyuzi hizo kwa kisu cha jikoni, nimelala chali chini ya mashine.

Minazi hiyo hiyo ndiyo inayoamua aina ya mashine. Trekta ndogo ya kukatia nyasi, yenye injini mbele na usukani wa duara kama wa gari, haiwezi kuuzunguka mti mwembamba kwa mkupuo mmoja. Huacha duara la nyasi lenye upana wa sentimita 40 au zaidi, ambalo mtu hulazimika kulimalizia kwa fyekeo. Mashine ya vishikio viwili, ambayo kila gurudumu lake la nyuma lina mwendo wake peke yake, huzunguka ilipo pasipo kuhitaji nafasi, na kwa mwenye minazi 20 katika kiwanja tambarare huokoa muda mwingi. Iko pia aina ndogo yenye injini nyuma na upana wa sentimita 76 hivi, ambayo huwafaa wenye geti dogo. Kabla ya kuchagua pana, pima geti na mlango wa banda, na ukumbuke kwamba ule mdomo wa plastiki wa kutolea nyasi pembeni huongeza sentimita 20 au zaidi juu ya upana uliotajwa.

Hata hivyo mashine ya vishikio si ya kila mahali. Kule Mikindani na Changamwe, ambako vilima huteremka kuelekea kwenye mikono ya bahari na udongo huteleza wakati wa mvua, magurudumu madogo ya mbele ya mashine hiyo hayana uwezo wa kuiongoza yale ya nyuma yakishaanza kuteleza, na ikienda haizuiliki. Watengenezaji wengi huweka nyuzi 15 kuwa mwisho wa mteremko kwa mashine yoyote ya kupanda. Kupima ni rahisi: laza ubao wa mita 1 juu ya mteremko, inua ncha ya chini mpaka pimamaji ionyeshe kuwa ubao umelala sawa, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikizidi sentimita 27, mteremko umepita nyuzi 15, na sehemu hiyo uikate kwa mashine ya kusukuma au uipande mimea isiyohitaji kukatwa. Kwa mteremko wa wastani chukua trekta ndogo, nayo iendeshwe kwa kupanda na kushuka, kamwe si kwa kukatiza ubavuni.

Sasa chumvi, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa kuwa ndipo nilipopata hasara. Sehemu inayoitwa deki, lile bakuli la chuma kama sinia lililofunikwa ambalo visu huzunguka ndani yake, ndiyo inayoliwa kwanza. Nyasi mbichi hung'ang'ania upande wake wa chini, zikashika unyevu, na upepo wa kusi ukaleta chumvi ya baharini juu yake. Mashine yangu ya kwanza niliitunza kwa bidii iliyokosa maarifa: kila baada ya kazi mtunza bustani aliiosha kwa mpira, na maji yalikuwa ya kisima. Visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Mwaka wa tatu nilipiga deki kwa kifundo cha kidole nikasikia sauti ya bati lililochoka, na bisibisi ikapenya bila kusukumwa. Fundi wa kuchomelea alijaribu kulitia kiraka, lakini kila alipogusa moto chuma kiliyeyuka pembeni mwa kiraka, kwa sababu hapakuwa na chuma kizima cha kukishikilia.

Kwa hiyo unaposimama dukani, inama. Deki zilizobanwa kutoka kwenye bamba moja jembamba ni nyepesi na za bei nafuu. Zile zilizochomelewa kwa mabamba manene ni nzito na ghali, lakini pwani hulipa gharama yake. Angalia kama rangi imefika mpaka kwenye kingo za ndani na kwenye maungio, maana kutu huanzia hapo. Kabla ya kuitumia mara ya kwanza, mpe fundi wa magari aipake upande wa chini rangi nzito ya kuzuia kutu, ile ile inayopakwa chini ya gari. Baada ya kukata, kwangua nyasi kwa kijiti cha mbao, iache ikauke, na ukilazimika kuosha, tumia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mfereji au ya mvua, ndoo moja inatosha. Ule mrija wa kuoshea ulio juu ya deki, ambao wauzaji huusifu sana, mwenye maji ya kisima cha chumvi asiuunganishe kamwe.

Kuhusu vipuri, usitosheke na ahadi. Muulize muuzaji akuonyeshe, siku hiyo hiyo na kwa macho yako, mkanda wa deki, mkanda wa mwendo, jozi ya visu, filta ya hewa na mhimili mmoja wenye beringi zake, vyote vya modeli unayotaka kununua. Nilinunua kwa neno la muuzaji kwamba kila kitu huagizwa na kufika kwa wiki moja. Mkanda ulikatika Mei, ukafika baada ya wiki tano, na nyasi zikawa zimefika magotini. Tulijaribu mkanda wa mashine ya kusaga uliolingana urefu, ukaungua kwa siku moja, kwa kuwa unene na pembe za ubavu wake havikuwa sawa na kapi. Ikiwa muuzaji ana mashine tano sakafuni na hana mkanda hata mmoja rafuni, nenda kwingine, hata kama mashine yake ni bora kuliko zote mjini.

Injini, kwa kweli, ndilo jambo jepesi kulimaliza. Kwa nusu ekari hadi ekari moja tambarare, injini ya silinda moja kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana na mafundi wetu, kama Briggs & Stratton, Honda, Kohler au Kawasaki, inatosha; silinda mbili hazitetemeki sana kama moja na hustahimili saa nyingi zaidi. Kinachohitaji uangalifu ni kupoa kwake, kwa sababu hupozwa na hewa, na mchanga mwembamba pamoja na vumbi la nyasi huziba mapezi ya silinda, vile vibamba vya nje vinavyotoa joto. Chagua ile ambayo kifuniko cha juu hufunguka kwa urahisi ili mapezi yasafishwe. Katika mwendo, gia za mkono huhitaji kusimama kila unapobadilisha, ilhali mfumo wa haidrostatiki, ambao pampu husukuma mafuta kuzungusha magurudumu, hukuwezesha kupunguza na kuongeza mwendo kwa mguu, jambo linalofaa sana kati ya miti. Uliza kama mafuta ya mfumo huo hubadilishwa. Mingi ya bei nafuu imefungwa kabisa, na katika joto letu la Februari, kwenye mteremko, mafuta yaliyochoka hufanya mashine ipoteze nguvu kila inapopata moto.

Mashine za betri zimeanza kuonekana, nazo ni tulivu na hazina mkanda wa injini wala plagi ya kuwashia moto. Ukiagiza kutoka Marekani, hakikisha chaja inakubali umeme wetu wa volti 240, kwa kuwa ya kwao ni ya volti 120, na uwe na mahali penye kivuli na hewa pa kuiwekea, maana joto kali hufupisha maisha ya betri.

Anayenunua iliyotumika akague akiwa ameuchomoa waya wa plagi, kisu kisije kikazunguka. Shika ncha ya kisu uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Kisha urudishe waya, uwashe, uunganishe visu, na ujiinue kidogo kitini: injini lazima izime. Isipozima, mtu ameifungia swichi ya usalama, na mashine hiyo uiache mpaka swichi irudishwe. Ncha ya kisu hupita kilomita 200 kwa saa, na nyumbani kuna watoto. Asipakatwe mtoto yeyote juu ya mashine hii, hata kwa mzunguko mmoja, hata akilia.

Mwite anayeikata bustani yako aje dukani aketi mwenyewe, kwa sababu ndiye atakayeitumia: miguu yake ifike kwenye pedali bila kunyooka kabisa, na usukani asiufikie kwa kuinama. Mweleze pia urefu wa kukata. Nyasi za Pemba, zenye majani mapana na mashina manene yanayotambaa, zikinyolewa chini sana huonyesha mabaka ya kahawia, basi deki ipandishwe hadi sentimita 5 au zaidi. Ukoka huvumilia chini ya hapo.

Wakati mzuri wa kununua ni Januari au Februari, kaskazi inapovuma na nyasi zikiwa zimelala, ili ubaki na muda wa kuijaribu na kuirudisha ikiwa na kasoro kabla ya masika. Itayarishie banda ambalo mlango wake hautazami bahari, iinue juu ya mbao, wala usiifunike kwa plastiki inayofungia unyevu ndani. Siku ya kwanza, kabla vibandiko havijafutika, nakili namba ya modeli iliyo chini ya kiti pamoja na namba za mikanda yote na filta, uziandike kwa rangi ukutani mwa banda, mahali ambapo fundi yeyote atazisoma hata ukiwa safarini.